Simu itiiyo sauti: Mikono huru, akili mateka

MSHIKA mawili, walinena wahenga, moja humponyoka. Usemi huo humfaa zaidi dereva wa siku hizi ambaye mkono mmoja umeshika usukani na wa pili umebana simu sikioni.

Ni kwa ajili ya mtu kama huyo ambapo watengenezaji wa simu za mkono walibuni njia mbili za kumpunguzia mzigo. Ya kwanza ni kupiga simu kwa sauti, yaani kutamka jina la anayetafutwa badala ya kubonyeza tarakimu za nambari yake. Ya pili ni kuzungumza bila kushika simu, kwa kutumia visikizi, spika ya simu yenyewe au mitambo iliyounganishwa na gari.

Njia hizo zimesifiwa kwa miaka mingi kuwa ndizo dawa ya ajali zinazosababishwa na simu. Hata hivyo, tafiti zilizofanywa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zinaonyesha kwamba sifa hiyo ni nusu tu ya ukweli. Vifaa hivyo huiachilia mikono, lakini akili hubaki mateka wa mazungumzo.

Ili kuelewa ni kwa nini, yafaa kwanza kufahamu vilikotoka vifaa vyenyewe na jinsi vinavyofanya kazi.

CHIMBUKO

Ndoto ya kuiamuru mashine kwa sauti ina umri mkubwa kuliko simu ya mkono. Mnamo 1952, wahandisi wa maabara ya Bell nchini Marekani waliunda mtambo ulioitwa Audrey ambao ulitambua tarakimu kuanzia sufuri hadi tisa.

Mtambo huo ulijaza fremu yenye kimo cha mtu mzima. Ulimwelewa vyema yule tu aliyekuwa ameuzoesha sauti yake, na hata yeye alilazimika kutua kidogo baada ya kila tarakimu. Mgeni alipozungumza, ulibabaika.

Haikuwa sadfa kwamba wahandisi hao walianza na tarakimu. Maabara ya Bell yalikuwa mali ya kampuni ya simu, na nambari ya simu si kitu kingine ila tarakimu zilizopangwa. Kwa maneno mengine, kupiga simu kwa sauti ni miongoni mwa kazi za kwanza kabisa ambazo mashine ilifikiriwa kuwa inaweza kufanyiwa mazoezi.

Miaka kumi baadaye, kampuni ya IBM ilionyesha katika maonyesho ya dunia ya Seattle ya 1962 kifaa kilichoitwa Shoebox, kilichotambua maneno 16. Kufikia 1976, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walikuwa na programu iliyoitwa Harpy iliyoelewa maneno 1,011.

Wakati huo, simu ya mkono ilikuwa ndiyo kwanza imezaliwa. Aprili 3, 1973, mhandisi Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama kando ya barabara jijini New York na kupiga simu kwa kifaa kilichokuwa na uzani wa zaidi ya kilo moja.

Safari hizo mbili zilikutana mwishoni mwa miaka ya 1990, pale simu za kawaida zilipowekewa uwezo wa kutambua majina machache yaliyotamkwa na mwenyewe. Mojawapo ya simu zilizoifikisha teknolojia hiyo katika mifuko ya watu wa kawaida ni Nokia 3310, iliyozinduliwa mwaka wa 2000 na ambayo iliuzwa zaidi ya milioni 100 kote duniani.

Nchini Kenya, mwaka huo wa 2000 ndio pia ambao kampuni za Safaricom na KenCell zilianza kuwania wateja. Hivyo basi, huenda baadhi ya Wakenya waliomiliki simu ya kwanza katika miaka iliyofuata walikuwa na uwezo huo mikononi mwao.

JINA HUGEUKA ALAMA

Simu hizo za awali hazikuelewa lugha yoyote. Zilichofanya ni kulinganisha sauti na sauti.

Mwenye simu alichagua jina katika orodha yake, akabonyeza kitufe, akasubiri mlio mfupi, kisha akalitamka jina hilo. Simu iliihifadhi sauti hiyo kama alama. Siku ya kupiga, alibonyeza kitufe tena na kulitamka jina, nayo simu ikatafuta ni alama ipi iliyofanana nalo zaidi.

Ndani ya simu, sauti hukatwa vipande vifupi mno, kila kimoja kikidumu kwa sehemu chache tu za mia za sekunde. Kwa kila kipande, simu hupima ni nguvu kiasi gani ya sauti iliyo katika mawimbi mazito na mepesi. Vipimo hivyo, vikipangwa kwa utaratibu, huwa kama nyayo za jina lililotamkwa.

Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayelitamka jina kwa kasi ileile kila siku. Mwenye haraka hulikata. Mwenye usingizi hulivuta. Suluhisho lilipatikana katika mbinu ya kihesabu ya kunyoosha na kubana muda, ambayo Wajapani Hiroaki Sakoe na Seibi Chiba waliichapisha kwa namna iliyokuja kutumiwa sana mnamo 1978. Kwa mbinu hiyo, alama mbili hulinganishwa hata kama moja ni ndefu kuliko nyingine.

Mfumo huo ulikuwa na udhaifu wake. Sauti ya mafua, ngurumo ya injini au kelele za kituo cha matatu ziliweza kuipotosha simu. Aidha, majina mafupi na yanayofanana yalichanganywa. Aliyehifadhi Kamau na Kamande, au Atieno na Achieng, hakushangaa simu ilipompigia asiyemkusudia.

Vijitabu vya maelezo vilivyoandamana na simu za Nokia viliwashauri wateja warekodi majina marefu mahali palipo kimya. Viliwaonya pia kwamba katika kelele au wakati wa dharura, wasitegemee sauti peke yake.

Lakini mfumo huo ulikuwa na fadhila moja ambayo ilisahaulika baadaye. Kwa kuwa haukujua lugha, haukubagua lugha. Jina la Kigiriama, la Kikalenjin au la Kisomali lilikuwa sawa na la Kiingereza, mradi mwenye simu alilitamka leo jinsi alivyolitamka jana.

MASHINE YAJIFUNZA LUGHA

Kizazi kilichofuata cha simu kilitaka kumwelewa mtu yeyote bila ya kurekodi alama kwanza. Ili kufanya hivyo, mashine hufunzwa kwa saa nyingi za sauti za watu mbalimbali zilizoambatanishwa na maandishi. Kisha hutumia hesabu za uwezekano kukisia ni maneno gani yaliyosemwa.

Njia hii ilipata umaarufu mkubwa Oktoba 2011, pale kampuni ya Apple ilipoiweka programu ya Siri katika simu ya iPhone 4S. Google ilifuata kwa huduma zake, ikiwemo Google Assistant iliyozinduliwa 2016.

Mwanzoni, programu za aina hiyo zilituma sauti ya mtumiaji hadi kwenye tarakilishi kubwa zilizo mbali, ambazo zilitafsiri maneno na kurudisha jibu. Mahali pasipo na mtandao, msaidizi huyo alikuwa bubu. Baadaye uwezo wa simu uliongezeka, na kazi hiyo ikaanza kufanyiwa ndani ya simu yenyewe. Siri, mathalan, ilianza kutambua maombi mengi bila kutuma sauti nje kuanzia mfumo wa iOS 15 wa mwaka wa 2021.

Hapa ndipo fadhila ya simu za zamani ilipopotea. Mashine iliyofunzwa kwa Kiingereza hulisoma kila jina kwa Kiingereza. Jina Nyambura au Ng'ang'a likitamkwa ipasavyo, mashine hiyo hulitafutia neno la Kiingereza lililo karibu nalo. Mwenye simu hujikuta akilipotosha jina la mama yake mzazi ili mashine imwelewe.

Dawa ni kuifunza mashine kwa sauti za wenyeji. Agosti 2017, Google iliongeza Kiswahili katika orodha ya lugha ambazo mtu anaweza kuziandika kwa kuzitamka, pamoja na Kiamhari cha Ethiopia. Nalo shirika la Mozilla, kupitia mradi wake wa Common Voice, lilipata ufadhili mwaka wa 2021 ili kukusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa watu wanaojitolea kusoma sentensi, na kuzitoa bure kwa wabunifu.

Umuhimu wa kazi hiyo unapita starehe ya kupiga simu. Lugha ambayo sauti yake haimo katika mashine hizi huwalazimu wenyewe kukopa lugha ya wengine hata wanapowaita watu wa nyumbani kwao.

KUZUNGUMZA BILA KUSHIKA

Kupiga simu ni hatua ya kwanza tu. Kuna mazungumzo yanayofuata. Vifaa vya kuzungumza bila kushika simu vimegawika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni spika ya simu yenyewe, ambayo humwezesha mtu kuiweka simu mezani na kuzungumza. Ugumu wake ni mwangwi. Sauti ya upande wa pili ikitoka kwenye spika huingia tena katika kipaza sauti na kumrudia aliyeitoa. Ndiyo maana simu huwa na programu inayoijua sauti iliyotolewa na kuiondoa kabla ya kusafirishwa.

Kundi la pili ni visikizi vya waya, ambavyo huwa na kipaza sauti kidogo karibu na kidevu. Ni vya bei nafuu na havihitaji betri.

La tatu ni vifaa vya Bluetooth. Teknolojia hiyo ilianza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson nchini Uswidi mnamo 1994, na mwaka wa 1998 kampuni tano zikaungana kuisimamia. Jina lake lilitokana na Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya kumi anayekumbukwa kwa kuunganisha makabila ya eneo lake.

Vifaa vya Bluetooth huwasiliana kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, kwa kawaida katika umbali wa takriban mita 10. Ili visiingiliane na vingine, mawasiliano yao ya sauti huruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine mara 1,600 kwa kila sekunde. Magari mengi ya kisasa huwa na mfumo huo katika dashibodi, na dereva hupokea simu kwa kitufe kilicho kwenye usukani.

Wahudumu wa bodaboda nao wana mbinu yao isiyohitaji mhandisi. Wengi huichomeka simu kati ya sikio na kofia ya helmeti, wakaendelea kuzungumza na mteja anayesubiri huku wakipenya katikati ya magari.

SHERIA ILIVYOELEWA

Serikali nyingi ziliposhtushwa na ongezeko la madereva wanaozungumza, zilitunga sheria dhidi ya mkono. Jimbo la New York lilipiga marufuku simu za kushikwa mwaka wa 2001, na Uingereza ikafanya hivyo kuanzia Desemba 1, 2003. Katika maeneo hayo mawili, anayezungumza bila kushika simu hakuguswa na marufuku hayo.

Nchini Kenya, kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka wa 2016 ziliweka faini ya Sh2,000 kwa dereva anayetumia simu ya mkono gari likiwa mwendoni.

Sheria za kushika simu zina faida ya kutekelezeka. Afisa wa trafiki aliyesimama kando ya barabara huweza kuuona mkono ulio sikioni. Hawezi kuiona akili iliyohama.

Athari yake ni kwamba umma ulijifunza somo lisilokusudiwa: kwamba hatari ni mkono, na kwamba aliyevaa visikizi yu salama.

WATAFITI WAGUNDUA MENGINE

Mnamo 1997, watafiti Donald Redelmeier na Robert Tibshirani walichunguza madereva 699 jijini Toronto, Canada, waliokuwa na simu na waliohusika katika ajali zilizoharibu magari. Walilinganisha saa ya ajali na kumbukumbu za simu zilizopigwa. Walibaini kuwa uwezekano wa kugongana uliongezeka takriban mara nne wakati simu ilipokuwa ikitumika.

Jambo lililowashangaza wengi ni kuwa waliotumia simu zisizoshikwa hawakuwa na nafuu iliyoonekana.

Mwaka wa 2005, uchunguzi mwingine uliofanyiwa madereva 456 waliofikishwa hospitalini mjini Perth, Australia, ulitoa jibu lilo hilo. Hatari ilikuwa mara nne, kwa anayeshika na asiyeshika.

Sababu ilielezwa na Profesa David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Waliwaweka watu katika mitambo ya kuigiza uendeshaji, wakazungumza kwa simu bila kuishika. Vifaa vya kufuatilia macho vilionyesha kwamba madereva hao walielekeza macho kwenye vitu vilivyo barabarani, lakini walipoulizwa baadaye, hawakuvikumbuka sawasawa na wasiozungumza. Jicho lilitazama, akili haikuona.

Katika utafiti wao wa 2006, watafiti hao walipata kwamba upungufu wa dereva anayezungumza kwa simu unaweza kulinganishwa na wa dereva aliyekunywa pombe hadi kufikia kiwango kilichokatazwa na sheria za Marekani.

Huenda mtu akauliza: mbona abiria huzungumza na dereva bila madhara? Abiria wa kiti cha mbele huiona barabara. Lori likichomoza ghafla, hunyamaza mwenyewe, au hupiga kelele za kumtahadharisha mwenzake. Aliye upande wa pili wa simu haoni kitu. Huendelea kudai jibu.

Hata kutoa amri kwa sauti kuna gharama yake. Oktoba 2015, wakfu wa usalama barabarani wa AAA nchini Marekani ulitangaza kuwa kwa baadhi ya mitambo ya magari na simu, dereva alihitaji hadi sekunde 27 baada ya kutoa amri ili umakini wake urejee kikamilifu.

Kwa gari linaloenda kwa kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa magari ya uchukuzi wa umma nchini Kenya, sekunde 27 ni sawa na mita 600. Katika umbali huo mna nafasi ya kutosha kupita shule, kivuko cha wanafunzi na soko la kando ya barabara.

NAFUU IPO

Hata hivyo, si haki kuitupilia mbali teknolojia hii. Tafiti zilizotumia kamera ndani ya magari halisi zimeonyesha kuwa kitendo kibaya zaidi ni kile kinachoondoa macho barabarani. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mapema 2014, madereva wachanga walikuwa katika hatari iliyozidi mara nane walipokuwa wakibonyeza nambari.

Kwa hivyo, aliye na jambo lisiloweza kusubiri ni afadhali atamke jina kuliko kuinamia vitufe. Kosa ni kudhani kwamba afadhali ni sawa na usalama.

Nje ya usukani, manufaa ni makubwa na hayana utata. Kwa mtu asiyeona, kutamka jina humwondolea haja ya kumwomba jirani amtafutie nambari. Kwa aliyepoteza mikono au aliyepooza, sauti ndiyo kidole chake. Kuanzia 2018, Google ilitoa programu ya Voice Access inayowawezesha watu kama hao kuiongoza simu nzima kwa maneno.

Mkongwe asiyejua kusoma naye huweza kumwita mwanawe aliye mjini bila kutambua herufi hata moja. Vilevile fundi aliye chini ya gari, mpishi mwenye unga mikononi na muuguzi aliyevaa glavu wote hufaidika.

MATUMIZI YAFAAYO

Kwa mwenye gari, maandalizi hufanywa kabla ya safari. Kifaa cha Bluetooth huunganishwa na simu gari likiwa limesimama, na simu huwekwa mahali ambapo haitaanguka na kumlazimu dereva kuinama.

Majina ya watu wa karibu yahifadhiwe kwa namna yanavyotamkwa, na yale yanayofanana yatofautishwe. "Mjomba Kamau wa Nakuru" hueleweka upesi kuliko "Kamau" watatu walio katika orodha moja.

Anayevaa visikizi barabarani aache sikio moja wazi ili asikie honi na ving'ora. Mwendesha pikipiki asiichomeke simu ndani ya helmeti, kwani hata bila mazungumzo, kofia isiyokaa vyema haimlindi anapoanguka.

Wajibu haumwangukii dereva peke yake. Anayepiga simu na kutambua kuwa mwenzake yuko safarini anastahili kukata na kumwacha afike. Mwajiri anayempigia dereva wake kila baada ya nusu saa kuuliza amefika wapi hushiriki katika hatari hiyo, hata akiwa ameketi ofisini.

Dereva naye anayepata mwito wa dharura atafute mahali salama pa kuegesha. Usiojibiwa hubaki katika orodha ya simu zilizokosekana, na aliyeupiga atapigiwa gari likiwa limesimama.